Kurasini hadi Tunduma: Siku Nane za Kumfundisha Utingo

Siku ya kwanza, Jumatatu. Kurasini.

Darasa lilianza saa mbili na nusu asubuhi katika ukumbi mdogo wa kampuni ya usafirishaji, si mbali na mageti ya depo za mafuta za Kurasini, Dar es Salaam. Mbele yangu waliketi watu watano: madereva wawili, matingo wawili, na dada mmoja ambaye ni ofisa usalama wa kampuni hiyo. Keshokutwa malori yao mawili yataondoka kwenda Tunduma, mpakani na Zambia, moja likiwa na petroli peke yake na la pili likiwa na petroli na dizeli katika vyumba tofauti vya tenki, nami nitawafuata nyuma kwa pikapu ili mafunzo yaendelee barabarani.

Nimewafundisha wasafirishaji wa shehena hatarishi kwa miaka kumi na miwili, na kwa miaka kumi ya mwanzo matingo walikuwa wakibaki nje kulinda magari huku mimi nikiwafundisha madereva ndani. Sikuliona kuwa kosa, kwa kuwa kila kampuni ilileta madereva tu, na cheti kiliandikwa jina la dereva tu. Mwaka juzi lori la mmoja wa wanafunzi wangu lilipinduka kwenye kona, dereva akabanwa miguu chini ya usukani, na aliyetoka mzima akawa utingo, kijana ambaye nilimpita mlangoni siku ile ya mafunzo nikamsalimu na kuingia zangu. Alikimbia porini. Simlaumu hata kidogo, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwambia afanye nini. Shehena ilikuwa dizeli, ambayo haishiki moto kirahisi, na dereva akaokolewa. Tangu hapo sianzishi darasa ikiwa kiti cha utingo kiko wazi.

Asubuhi yote tuliitumia kwenye namba. Umoja wa Mataifa umekuwa ukichapisha mapendekezo ya usafirishaji wa bidhaa hatari tangu mwaka 1956, na ndiyo yaliyoupa ulimwengu lugha moja: madaraja 9 ya hatari, na namba ya tarakimu nne kwa kila bidhaa. Petroli ni 1203, dizeli ni 1202, mafuta ya taa ni 1223, tindikali ya salfa ni 1830, na sayanaidi ngumu inayopelekwa kwenye migodi ya dhahabu ni 1689. Pale kibao cha rangi ya chungwa kinapotumika, juu ya namba hiyo huwekwa namba nyingine inayoeleza tabia ya bidhaa. Tarakimu ya 3 ni kimiminika kinachowaka, na ikirudiwa mara mbili, kama 33 ya petroli, maana yake ni kwamba hatari hiyo ni kali zaidi. Herufi X ikitangulia, maji hayaruhusiwi kabisa kukaribia shehena ile.

Niliwapeleka uani, tukasimama nyuma ya tenki, nikamwomba utingo wa lori la kwanza atusomee kibao. Ni kijana wa miaka ishirini na mitatu, mpole, mwenye sauti ndogo. Alisoma vizuri: thelathini na tatu, elfu moja mia mbili na tatu. Kisha akakaa kimya kidogo na kusema, "Mwalimu, hizo namba nimezifuta vumbi kwa miaka mitatu, sikujua zinasema nini." Wenzake hawakucheka, nami sikuwa na la kumjibu zaidi ya kumwambia kwamba leo amejua.

Mchana tulipitia sheria, na hapo ndipo wasafirishaji wengi huchanganyikiwa, kwa sababu mlango wa kubisha si mmoja. Mafuta ya petroli yako chini ya Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 na msimamizi wake ni EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Kemikali kama tindikali na sayanaidi ziko chini ya Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo pia huwafundisha madereva wa kemikali. Vyanzo vya mionzi huulizwa kwa Tume ya Nguvu za Atomiki. Baruti zina sheria yake na wasimamizi wake katika sekta ya madini. Lakini juu ya zote ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inayomtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo na mafunzo yanayolingana na hatari ya kazi yake. Nilimwomba dada ofisa usalama alisome tena neno lile: mfanyakazi. Utingo naye ni mfanyakazi.

Siku ya pili, Jumanne. Kupakia.

Leo tulikuwa ndani ya depo tangu saa moja asubuhi. Simu ziliachwa getini pamoja na viberiti, na matingo wote wawili walipewa viatu vya kufunika vidole na fulana za kung'aa, kwa kuwa walikuja na kandambili. Dereva wa lori la pili ni mzee wa Tanga ambaye ameendesha matenki kabla ya baadhi ya hawa vijana kuzaliwa, na ndiye aliyewashikia mkono namna ya kufunga waya wa kutuliza umeme ardhini kabla mfuniko wowote haujaguswa. Aliwaonyesha pia kuukwangua mdomo wa kibanio kwenye chuma kitupu, kwani kibanio kinachouma juu ya rangi ni sawa na kisichofungwa.

Niliwaeleza sababu, kwa kuwa mtu anayejua sababu hasahau hatua. Mafuta yanapopita kwa kasi ndani ya bomba hujikusanyia umeme tuli, na umeme huo ukikosa njia ya kwenda ardhini hurukia chuma kilicho karibu kama cheche. Cheche peke yake haitoshi. Inahitaji mvuke uliochanganyika na hewa kwa kipimo chake. Kwa petroli kipimo hicho ni takribani asilimia 1.4 hadi 7.6 ya mvuke ndani ya hewa. Ukipungua hapo hauwaki, na ukizidi hapo pia hauwaki, kwa sababu hewa imekosekana.

Jambo hili ndilo linalofanya tenki tupu litishe kuliko lililojaa. Tenki lililojaa petroli lina nafasi ndogo juu, nayo imeshiba mvuke kupita kiasi cha kuwaka. Tenki lililoshushwa mafuta halikusafishwa; limebaki na mvuke, na hewa imeingia kuukuta. Nikawaambia sentensi moja ambayo niliirudia safari nzima: tenki ni tupu la mafuta, lakini limejaa mvuke, na mvuke ndio unaoungua. Mafundi wa kuchomelea waliouawa na matenki "matupu" ni wengi mno katika kazi hii, na karibu kila mtu wa barabarani anaweza kukutajia mmoja.

Tulikaa kwa muda mrefu kwenye swali la mzee wa Tanga, ambalo lilikuwa swali zuri kuliko yote ya siku mbili hizi. Aliuliza kwa nini depo hukataa kupakia dizeli haraka katika chumba kilichokuwa na petroli safari iliyopita, ilhali dizeli ni mafuta mapole. Jibu ni kwamba upole wa dizeli ndio mtego wenyewe. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya karibu nyuzi 40 chini ya sifuri, wakati dizeli huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 50. Kwa hiyo petroli inapopakiwa, mvuke wake huishibisha nafasi ya tenki mara moja hadi ukazidi kipimo cha kuwaka. Dizeli ikiingia juu ya masalia ya petroli, inaumeza mvuke polepole na kuushusha kurudi ndani ya kipimo kile kibaya, na wakati huohuo inazalisha umeme tuli kwa wingi. Mzee alitikisa kichwa akasema, "Nimeitii amri hii miaka ishirini, mwalimu, lakini leo ndiyo nimeielewa."

Tenki halijazwi hadi mdomoni. Petroli hutanuka kwa takribani sehemu moja ya elfu ya ujazo wake kwa kila nyuzi moja ya joto, na lita 38,000 zilizopakiwa asubuhi zikipata joto la nyuzi kumi zaidi huongezeka karibu lita 400, ambazo zisipoachiwa nafasi zitajitafutia njia. Baada ya kupakia, sili zilifungwa kwenye mifuniko na vali, na matingo wakaziandika namba zake katika daftari kwa mkono wao wenyewe. Jioni tulitulia mapema. Niliwataka madereva walale.

Siku ya tatu, Jumatano. Dar es Salaam hadi Morogoro.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi baada ya ukaguzi wa magari ambao ulichukua dakika arobaini: matairi, breki, taa, vizima moto viwili kwa kila lori na mshale wa geji zake, koleo na ndoo ya mchanga, koni, pembetatu, vigingi vya magurudumu. Barabara ya Mandela ilikuwa bado na nafasi, lakini kuanzia Kimara hadi Kibaha tulikwenda kwa subira. Tulipita Misugusugu, mahali ambapo Wakala wa Vipimo huhakiki ujazo wa matenki, kisha mizani ya Vigwaza. Huko ofisa usalama aliwaeleza matingo kwamba uzito si suala la faini tu, na kwamba kikomo cha tani 56 kilichowekwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki kinalinda breki kama kinavyolinda lami. Tulifika Morogoro mchana, tukayaegesha malori sehemu tambarare mbali na nyumba, na kila lori likaachiwa mlinzi.

Saa tisa niliwapakia wote watano kwenye pikapu, tukaenda Msamvu.

Tulisimama kando ya barabara, karibu na stendi. Magari yanapita, wauza maji wanapita, hakuna mtu anayejua kwa kutazama tu. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo hili, watu wakakusanyika na madumu kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika, wakiwemo waendesha bodaboda na wapita njia, na moto ukawakumba wakiwa wamezunguka tenki. Waliofariki, pale pale na hospitalini katika siku na wiki zilizofuata, walizidi watu 100. Taifa lilitangaziwa siku tatu za maombolezo, na wengi wao wamezikwa pamoja katika makaburi ya Kola.

Sikuwahutubia. Niliwaacha wasimame kwa muda. Kisha niliwakumbusha kwamba Msamvu haiko peke yake. Sachangwan nchini Kenya, tarehe 31 Januari 2009, zaidi ya watu 110 walikufa namna hiyohiyo. Sange katika Kivu Kusini, tarehe 2 Julai 2010, walikufa zaidi ya 200. Nchi tatu, na mlolongo wa mambo ni uleule: lori limelala, mafuta yanatiririka, watu wanakuja na vyombo, mvuke umetanda miguuni mwao wasiuone.

"Wale wanaona ni riziki iliyomwagika, mwalimu," alisema mzee wa Tanga. "Ukimwambia mtu kwamba riziki ile itamwua, anadhani unamnyima."

Maneno yake yalikuwa ya kweli, na ndiyo sababu sipendi mafunzo yanayoishia kwenye kizima moto. Kizima moto cha kilo tisa hakina la kufanya mbele ya petroli ya tenki zima. Kinachookoa watu ni kuwaweka mbali kabla moto haujawaka, na kazi hiyo hufanywa katika dakika za mwanzo, wakati Zimamoto bado wako njiani na polisi hawajapata habari. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, haupandi juu. Unatambaa, unashuka mitaroni, unafuata mteremko hadi kwenye jiko la mama lishe aliye mbali ambaye hata ajali hajaiona. Miongozo ya dharura inataka eneo la mita 50 kila upande litengwe mara tu petroli inapomwagika, watu walio upande unakokwenda upepo waondoke hadi mita 300 umwagikaji ukiwa mkubwa, na mita 800 ikiwa tenki limeshika moto. Niliwaomba wapime mita 50 kwa hatua zao. Wote walisimama mapema mno, isipokuwa mmoja.

Halafu nikauliza: dereva amebanwa, hawezi kutoka, nani anasimama? Wale watatu wengine waligeuka kuwatazama matingo.

Tulifanya zoezi papo hapo, kando ya barabara, huku watu wakitushangaa. Utingo wa lori la kwanza alitakiwa azime swichi kuu ya umeme wa gari ikiwa anaweza kuifikia salama, asogee upande upepo unakotoka, apige simu 114 ya Zimamoto na 112 ya polisi akitaja mahali, bidhaa na namba yake, kisha awarudishe watu nyuma. Tatizo lilikuwa hapo mwisho. Sauti yake haikusikika hata na sisi tuliokuwa karibu. Alirudia mara tatu, nne, akaishia kuinamisha macho.

Ofisa usalama ndiye aliyelitatua. Alimwambia, "Mdogo wangu, wewe usijaribu kuwashinda kwa sauti. Vaa fulana yako ya kung'aa, piga kipenga, na useme maneno machache." Tukayatafuta maneno hayo pamoja, tukayapunguza hadi yakabaki haya: hii ni petroli, moto wake hauonekani unavyokuja, rudini nyuma mzime sigara na pikipiki. Mzee akaongeza jambo ambalo sikuwahi kulifundisha. Alisema kijijini mtu mmoja mzima akikubali kurudi nyuma, nusu ya watu humfuata, kwa hiyo utingo amtafute kwanza mwenye umri, amsalimie shikamoo hata kama nyumba inaungua, na amwombe asaidie. Na simu ya tatu iwe ya mwenyekiti wa kijiji. Ofisa usalama aliandika palepale kwamba kampuni ikusanye namba za wenyeviti wa vijiji vyote vilivyo karibu na kona na miteremko mibaya ya njia hii.

Tulipitia Kola kabla ya magharibi. Hakuna aliyezungumza njiani kurudi.

Siku ya nne, Alhamisi. Morogoro hadi Iringa.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi tulikwenda taratibu, tukaona twiga, nyati, na tembo wawili mbali kidogo na barabara. Dereva wa lori la kwanza ni mwepesi wa mguu, na hapa nilimwomba anieleze kwa nini dereva wa tenki hapaswi kukwepa mnyama kwa kukata usukani ghafla. Alijua jibu, akalieleza vizuri kuliko ambavyo ningelieleza mimi: mafuta hayakai kama magunia, yanahama. Ukikata kulia yanakimbilia kushoto, na ukirudisha usukani yanakuja kwa nguvu maradufu wakati tela lenyewe limeshainama. Kuta za ndani ya tenki hupunguza mwendo wa kwenda mbele na nyuma, lakini wa kwenda pembeni hausaidiwi sana, na tenki lililojaa nusu ndilo linaloyumba kuliko yote. Uzito wake uko juu. Kwa hiyo hupunguzi mwendo ndani ya kona. Unaupunguza kabla ya kona.

Ruaha Mbuyuni tulinunua vitunguu, kisha tukapita kati ya mibuyu hadi chini ya Kitonga.

Mlima Kitonga tuliupanda kwa gia ndogo, malori yakiachana umbali wa kutosha ili moja likikwama lisilizuie jingine. Katikati ya mlima palikuwa na mawe makubwa matatu barabarani, yaliyoachwa na gari lililoharibika na kuondoka. Nililitumia tukio hilo kwa matingo, maana ni kazi yao moja kwa moja: jiwe unaloweka nyuma ya gurudumu ni lako hadi uliondoe, na pikipiki inayolikuta usiku hailioni. Kampuni imewapa vigingi vya mbao vyenye kamba, vinavyoning'inizwa mahali pake baada ya kutumika. Utingo wa lori la pili, ambaye kwa siku tatu hakuwa amesema maneno kumi, aliniomba nisimamishe pikapu juu ya mlima, akateremka kwa miguu pembeni mwa barabara akiwa na fulana yake na koni, akayatoa mawe yale matatu huku mwenzake akiwaashiria madereva. Sikumtuma.

Tulilala Iringa.

Siku ya tano, Ijumaa. Iringa hadi Mbeya.

Baridi ya Julai ilikuwa kali Mafinga na Makambako, na ukungu ulituchelewesha hadi saa tatu. Siku ya mwendo mrefu, isiyo na mengi. Tulipumzika Makambako ili madereva wasiendeshe zaidi ya saa nne mfululizo bila kushuka, tukala, tukaendelea. Karibu na Inyala, kwenye mteremko wa Mlima Nyoka ambao umeshachukua roho nyingi, tuliteremka kwa gia ileile ambayo tungeupandia, breki ya injini ikifanya kazi na mguu ukigusa breki kwa vipindi vifupi. Breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto hadi zinaacha kushika, na harufu yake huwafikia watu wa nyuma kabla dereva hajajua. Tulifika Uyole jua likiwa bado juu.

Siku ya sita, Jumamosi. Tunduma.

Baada ya mteremko wa Iwambi njia ilikuwa nyepesi, Songwe, Vwawa, mizani ya Mpemba, kisha foleni ndefu ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Nilitembea kando ya foleni hiyo na matingo wangu, nikawaomba wasome vibao. Walinitajia petroli, dizeli, tindikali. Walikuta pia lori moja lenye kibao kilichopakwa matope hadi hakisomeki, na utingo mwingine ambaye chini ya tela lake alikuwa amewasha jiko la mkaa akipika ugali. Utingo wa lori la kwanza alitaka kwenda kumwambia, akasita, akanitazama. Nikamwambia ni kijana mwenzake, aende kama ndugu. Alikwenda. Walizungumza kwa muda, kisha yule wa jiko akalibeba hadi ng'ambo ya barabara, ingawa kwa uso usiofurahi.

Mafuta yalishushwa kwenye kituo kimoja cha mjini. Sili zilihakikiwa mbele ya meneja kwa namba zile walizoandika Kurasini, waya wa ardhini ukafungwa kabla ya mpira, pampu za upande huo zikasimamishwa, na kila chumba kikahakikishwa kinakwenda kwenye tangi lake, kwa sababu petroli ikiingia katika tangi la dizeli huharibu zaidi ya injini. Unakuwa umemwuzia mtu wa jenereta na trekta kitu chenye hatari asiyoijua. Kazi ilipokwisha, utingo wa lori la pili alianza kufungua kibao cha namba akisema sasa gari ni tupu. Mwenzake alimzuia kabla sijafungua mdomo.

Siku ya saba, Jumapili.

Mapumziko. Mchana nilikaa na ofisa usalama tukaiandika upya kwa Kiswahili karatasi ya maelekezo ya dharura ambayo malori yote hubeba, maana iliyomo kwenye kabati za magari ni ya Kiingereza, kurasa nne za maandishi madogo, na kati ya wanafunzi wangu watano anayeweza kuisoma yote ni ofisa usalama peke yake. Yetu ni ukurasa mmoja. Tuliwasomea wote wanne, na kila sentensi ambayo hawakuielewa mara ya kwanza tuliiandika tena.

Siku ya nane, Jumatatu. Chimala.

Tuliondoka Tunduma alfajiri na kufika Chimala baada ya saa sita mchana, jua likiwa kali. Pale tairi la nyuma la tela la lori la kwanza lilipasuka. Dereva hakukanyaga breki kwa nguvu. Aliliacha gari lipungue lenyewe na kulitoa kando, lakini mahali lilipokwamia palikuwa sokoni kabisa, na kabla hatujashuka kwenye pikapu watoto walikuwa wameshaanza kukusanyika pamoja na bodaboda watatu. Tenki lililopigwa na jua hupumua kwa vali yake ya juu. Upande wa chini wa mteremko, hatua kama ishirini hivi, mama mmoja alikuwa akichoma mahindi.

Nilifungua mlango, ofisa usalama akanishika mkono. "Subiri kidogo, mwalimu," alisema.

Utingo aliruka chini akiwa na fulana yake. Aliweka kigingi, akampa mwenzake pembetatu, akapiga kipenga mara moja, fupi, watoto wakarudi nyuma kwa mshtuko. Bodaboda aliwaashiria kwa mkono wazime injini, wawili wakazima. Hakusubiri wa tatu. Alikwenda moja kwa moja kwa yule mama, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Naomba tulihamishe jiko lako, tulipeleke kule juu, nitakubebea mimi. Likishafungwa tairi nitakurudishia."

Mama alilitazama tenki. "Si tupu hilo? Mbona mnatoka mpakani?"

"Ni tupu la mafuta, mama, lakini limejaa mvuke, na mvuke ndio unaoungua."

Mama aliyatoa mahindi juu ya wavu, akashika sikio moja la jiko na kijana akashika la pili, wakalipandisha hadi juu ya mteremko, mbali na lori. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi dukani akainuka na kuanza kuwaondoa watoto kwa fimbo yake. Bodaboda wa tatu alizima. Kubadilisha tairi kulichukua dakika thelathini na tano, na muda wote huo kijana alisimama upande unakotoka upepo, akigeuka kila alipokuja mtu mpya na kumweleza yaleyale kwa sauti yake ndogo, na watu wakisikiliza.

Tairi lilipokwisha kufungwa alikwenda juu kumsaidia mama kurudisha jiko. Tuliondoka Chimala saa nane na dakika kumi.